Nilivyorudi Benki kwa Njia ya Mwaloni

Wadogo zangu wa meza ya mikopo,

Kwenye karatasi za mfuko wa pensheni mimi sijastaafu. Nimeacha kazi kwa hiari, maana umri wangu haujafika pale wanapoutaka wao. Lakini mimi nasema nimestaafu, na keki mliyonikatia iliandikwa hivyo hivyo, kwa hiyo tusibishane na keki. Siku ile mliniomba, midomo imejaa, niwaandikie nilivyoanza na nilivyofika pale. Mmoja wenu akaongeza, "Hasa ile ya kufukuzwa, dada." Sikufukuzwa. Ngoja nieleze.

Vyeo nitaviruka. Mishahara nitairuka pia, maana mkiijua mtacheka au mtalia, na vyote viwili havifai saa za kazi.

Nilianza kwenye benki ndogo katikati ya mji wa Mwanza, pale ambapo sasa wanauza magodoro. Nilikuwa nimetoka kwetu Mara, ufukweni mwa ziwa, na kidato cha nne changu na cheti cha uhasibu nilichosomea Nyakato huku nikilala kwa binamu. Tangu mdogo nilitaka kitu kimoja tu: kukaa nyuma ya kioo. Wenzangu walitaka kuwa manesi, walimu, masista. Mimi niliwahi kwenda benki na baba siku alipouza ng'ombe, nikaona dada mmoja nyuma ya kioo anahesabu noti bila kuangalia vidole vyake, nikasema basi, nimepata. Baba alinunua soda, mimi sikuimaliza. Nilikuwa namwangalia yule dada.

Siku ya kwanza walinikabidhi kwa Mama Zuhura, keshia mkuu. Ni mtu wa Mwanza mjini kabisa, familia yao iko Mkuyuni tangu babu zake, na ushungi wake ulikuwa haujawahi kuonekana umekunjamana. Sikuingia naye dirishani mara moja. Alinisimamisha nyuma yake, asubuhi nzima, bila kunipa hata kalamu.

"Unaangalia nini?" akaniuliza mwishoni.

"Naangalia unavyohesabu, mama."

"Nilijua. Kesho angalia watu. Kuhesabu kuna mashine."

Somo lake kubwa lilikuwa salamu. Kabla hujagusa pesa ya mtu, msalimie mwenye pesa, tena salamu kamili, ya nyumbani na ya watoto. Nilidhani ni adabu tu. Akaniambia, "Adabu ndiyo, lakini mwenye noti bandia hapendi salamu ndefu." Nimeitumia hiyo mpaka nimeondoka. Mkopaji mwenye mpango wa kutoroka naye hapendi salamu ndefu. Anataka tufike kwenye saini.

La pili lilikuwa noti za mwaloni, kule boti za samaki zinakotua. Wachuuzi wa samaki walikuja na noti zenye unyevu, zimenata mbili mbili, zina harufu ambayo kiyoyozi kilikuwa kinaizungusha tu jengo zima. Makeshia wengine walizishika kwa ncha za vidole. Mama Zuhura alizitandaza mbele ya feni ndogo, akaendelea kupiga stori na mwenye noti mpaka zikakauka. Wachuuzi wote wakawa wanapanga foleni dirisha lake, hata kama lingine halina mtu. Nikauliza mbona anajichosha. "Hawa ndio wanaotuletea pesa, Nyangeta. Wale wenye suti wanakuja kuzichukua."

Basi siku moja akaja mgeni kutoka makao makuu, mwenye tai nzuri sana, akatukusanya ukumbini kabla ya kufungua. Akatushukuru. Mtu wa makao makuu akikushukuru kabla hujafanya kazi ya siku hiyo, kaa chini. Tawi linafungwa, akasema, miamala imehamia kwenye simu na kwa mawakala, madirisha hayana tena wateja wa kutosha. Kila mmoja akapewa bahasha. Zilikuwa bahasha nzuri, nene, za rangi ya maziwa. Mimi nililia chooni. Nilipotoka nikamkuta Mama Zuhura anang'oa ile feni yake ndogo mezani.

"Mama, hiyo si ya benki?"

"Ya benki ni hiyo bahasha. Feni nilinunua mwenyewe."

Mnaona sasa. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini nendeni mkamweleze hivyo mama yangu. Ni mwanakwaya, alikuwa ameshaitangaza benki yangu kanisa zima, na nilipompigia simu alikuwa na swali moja tu.

"Sasa kwaya niwaambie nini?" akauliza.

"Waambie waniombee, mama."

"Wataomba. Lakini watataka kujua wanaomba nini."

"Waambie nataka kurudi benki."

Nilisema kwa ujasiri ambao hata sijui niliutoa wapi. Baadaye nikagundua kwamba nilichokisema kimeshakuwa ombi rasmi, linasomwa kila Jumapili, na kurudi nyuma ni aibu ya watu wengi.

Niliomba kila mahali. Wakati huo benki zote zilizokuwa zikiajiri Mwanza zilitaka shahada. Nilikwenda usaili mmoja, tukajaa ua mzima wa jengo, vijana wamevaa suti za kuazima na jua lile, wengi wametoka Dar na mabasi ya usiku, kila mmoja na digrii yake kwenye bahasha ya plastiki. Nafasi zilikuwa chache hata kuliko viti vilivyokuwepo. Nilipoingia ndani wakaniuliza kwa nini niliacha kazi ya kwanza.

"Sikuiacha," nikasema. "Iliniacha yenyewe."

Walicheka sana. Hawakunichukua. Tangu hapo nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara nyingi, nawaambia kwa faida yenu: ukiwachekesha wasaili, wanakukumbuka, lakini wanamwajiri yule aliyewafanya waandike.

Aliyeninyanyua ni Mama Zuhura tena. Yeye alisharudi nyumbani kwao Mkuyuni, amekaa kwenye baraza la duka la kaka yake, anashona na kuuza vitambaa vya mezani. Nilipita kumsalimia, nikamwaga kilio changu chote. Alinisikiliza mpaka sindano ikafika mwisho wa uzi.

"Una mikono?"

"Ninayo."

"Una jina safi?"

"Ninalo."

"Basi weka mwamvuli hapa mbele, uwe wakala. Benki imeondoka kwenye kioo imekuja barabarani, na wewe unaifuata wapi? Kwenye kioo!"

Niliweka mwamvuli. Nilitoa na kuweka pesa kwa simu, nikawasajilia watu laini, nikawasomea kina mama ujumbe wa mikopo ya mitandaoni na kuwaambia wasiufungue. Vikundi vya kuweka akiba vya pale sokoni vikaniomba niwe mtunza hazina. Nikajifunza mambo ambayo kioo kilikuwa kinanificha. Mtu akikopa kwa wale wa riba kali, kausha damu, unamwona Jumanne anacheka na Ijumaa amebadilika rangi. Mwenye kibanda cha nyanya anajua mteja gani ataugua deni kabla mteja mwenyewe hajajua. Miaka ile, kama mtu angeniambia itaingia kwenye wasifu wangu wa kazi, ningemcheka. Niliiona kama shimo. Nilikuwa naota kioo tu.

Halafu likatoka tangazo. Benki hii yenu, iliyokuwa ngeni Mwanza, inatafuta maafisa mikopo, na cheti kinatosha. Umri wa mwisho uliotajwa ulikuwa umri wangu wenyewe. Mwaka unaofuata nisingeruhusiwa hata kuomba. Nilijua kabisa kwamba huo ndio mlango wa mwisho, na kwaya yote kule kwetu ilijua, maana nilimwambia mama.

Meneja aliyenisaili ni Bwana Kamugisha. Wengi wenu hamkumkuta. Mhaya wa Bukoba, mpole, anavua miwani akitaka kusema jambo zito, na akisahau kuivua ujue bado hajaamua. Akasoma karatasi zangu.

"Tangu tawi lile lifungwe, ulikuwa wapi?"

"Mkuyuni, chini ya mwamvuli."

"Ukifanya nini?"

"Kazi hii hii, ila bila kiyoyozi."

Safari hii hakucheka. Aliandika.

Wenye shahada waliochaguliwa walitaka meza ya makampuni, na sikuwalaumu, hata mimi niliitamani. Iliyobaki ni kazi ya mialo: kukopesha vikundi vya wanawake wa dagaa. Hakuna aliyeinyooshea mkono, kwa sababu ya harufu. Bwana Kamugisha akanipa hiyo, kwa mkataba wa majaribio, na masharti yalikuwa mepesi kueleza. Majaribio yakiisha na vikundi vyangu vinalipa, naajiriwa. Vikiwa vimechelewa, narudi kwenye mwamvuli.

Kikundi changu kikubwa kiliitwa Hatuchoki, kwenye mwalo mmoja ukiipita Igoma, unaacha lami unashuka kwa mguu. Hapo chukua ushauri wangu wa viatu: msivae vya ngozi kwenda mwaloni. Mchanga wa dagaa unaingia kwenye mshono na hautoki mpaka kiatu kife. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, Msukuma mwenye sauti ya kuita boti iliyoko katikati ya ziwa. Wananunua dagaa wabichi asubuhi boti zikitua, wanawaanika kwenye chanja, wanauza wakavu. Tuliwapa mkopo. Kompyuta ikatoa ratiba ya marejesho: kila Jumatatu. Nikawasomea, wakasaini, tukapiga na picha.

Jumatatu za mwanzo walilipa wote. Nilimpigia mama, kwaya ikahamia kwenye maombi ya shukrani, mapema kidogo.

Kisha Jumatatu moja nusu yao hawakulipa, na iliyofuata hakulipa mtu. Nikashuka mwaloni. Chanja zilikuwa tupu, zimebaki na magamba tu. Mama Kulwa alikuwa amekaa anasuka ukili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na bajaji?"

"Ya nini, mama?"

"Ya kubebea kabati langu. Mwenzio wa kampuni ile nyingine huwa anakuja nayo inanguruma kabisa."

"Nimekuja kwa miguu."

"Basi karibu ukae. Miguu haibebi kabati."

Wenzake wakacheka. Nikakaa kwenye ndoo, nikauliza kulikoni. Mama Kulwa akaninyooshea kidole angani, mchana kweupe.

"Jana usiku ulilala na taa?"

Usiku uliopita mbalamwezi ilikuwa inawaka kiasi kwamba nilifua nguo nje. Na dagaa, kila mtu wa ziwa hili anajua, wanavuliwa gizani: wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata taa, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima ni taa, dagaa hawana sababu ya kufuata ya mtu. Boti zinavutwa nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu na kulala, na wanawake wa dagaa hawana cha kuanika mpaka giza lirudi. Mimi nimezaliwa ufukweni. Hilo nilikuwa nalijua kabla ya kujua kusoma saa.

"Mama Kulwa, mlijua kabisa. Mbona mlisaini Jumatatu?"

"Tulijua. Na wewe ulijua, ni mtu wa Mara wewe. Mbona ulituandikia?"

Akajibu mwenyewe. "Sisi tulisema, benki ina mambo yake. Labda kwao hata mbalamwezi kuna pesa."

Ndivyo ilivyokuwa, wadogo zangu. Watu wote waliohusika na ule mkopo walikuwa wanalijua ziwa, na wote tulivua tulichokijua mlangoni pamoja na viatu.

Nilirudi ofisini nikakuta kompyuta imekipaka kikundi chote rangi nyekundu. Kijana wa ufuatiliaji wa madeni alishaandaa safari ya kwenda kuchukua dhamana: makabati, redio, mabeseni. Aliniambia bila ubaya, "Dada, chukua vyombo vichache tu, wengine wataogopa, watakopa pembeni walipe. Majaribio yako yatapita." Alikuwa anasema kweli. Ingefanya kazi. Wangekwenda kwa kausha damu, wangenilipa mimi, na mimi ningekaa nyuma ya kioo nikiwa na rangi ya kijani. Nilikaa na wazo hilo chai nzima ya saa nne, siwezi kusema sikulitazama. Halafu nikaenda kugonga kwa meneja.

"Kaa," akasema. "Wamama zako ni wekundu."

"Ni mbalamwezi, bosi. Boti hazijaingia ziwani. Giza likirudi watalipa."

"Nyangeta, mimi nimekulia Bukoba. Dagaa na mbalamwezi unanieleza mimi?"

"Lakini bosi, ratiba umeisaini wewe."

Nikadhani nimeshajifukuza mwenyewe. Kisha akavua miwani.

"Nilianzia kazi kwenye tawi la wakulima wa pamba," akasema. "Mkulima tulimsubiri mpaka auze. Hakuna aliyekwenda kumdai wakati anapalilia. Na kanuni ile ya mikopo ya msimu bado ipo, haijafutwa." Akaifuta miwani. "Haisemi lazima kiwe kitu kinachoota shambani."

Nilitaka kupiga vigelegele. Akaniwahi.

"Usifurahi. Siwezi kuwaandikia makao makuu kwamba watalipa giza likirudi. Wanataka tarehe, za mwaka mzima. Na nitaomba giza moja tu la kuonyesha, lile la mwisho kabla majaribio yako hayajaisha. Wakilipa, sawa. Wasipolipa, wewe unaondoka, na mimi naitwa Dar kujieleza."

"Na wale wa ufuatiliaji wakinitaka nichukue vyombo?"

"Wamama wakilipa hakuna vyombo. Wasipolipa, hutakuwa wewe wa kuvichukua."

Tarehe nitazitoa wapi? Nilikwenda Mkuyuni. Mama Zuhura alikuwa anashona, kama kawaida, na nilipomweleza hakunyanyua hata kichwa. Alinyoosha sindano kuelekea ukutani, kwenye kalenda yao yenye tarehe za Kiislamu.

"Tarehe zetu zinaanza kwa mwandamo," akasema. "Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, ndipo mbalamwezi imejaa. Siku nyeupe hizo. Mimi huwa nazifunga."

"Kila mara?"

"Nikiwa na afya. Kumbe miaka yote hiyo nafunga pamoja na wavuvi!" Akacheka mpaka akaiweka sindano chini.

Tukakaa barazani, yeye ananisomea, mimi naandika. Siku nyeupe, na siku kadhaa kabla yake na baada yake, hakuna marejesho. Marejesho yote yanaingia gizani, boti zikiwa kazini. Niliyapeleka kwa Mama Kulwa kwanza kabla ya kuyapeleka kwa meneja, naye akanirekebishia: giza likianza tu msidai, siku za mwanzo pesa inarudi kwenye kununua dagaa, daini giza likiwa katikati. Tukaandika hivyo. Makao makuu wakaruhusu hilo giza moja, na Bwana Kamugisha akaziingiza tarehe moja moja kwenye mfumo kwa mkono wake. Kompyuta haikuuliza ni kalenda ya nani.

Kilichobaki ni giza lenyewe. Likaja. Boti zikaingia, dagaa wakapatikana kwa wingi, chanja zikajaa zikang'aa kama bati jipya. Na mvua ikanyesha.

Haikuwa mvua ya msimu. Ilikuja tu, ikakaa. Dagaa waliolowa wanageuka rangi, na dagaa aliyegeuka rangi hanunuliwi na mtu wa kula. Nilishuka mwaloni nikakuta kikundi kizima kinahangaika na maturubai, nikavua viatu, nikashika kona yangu. Tulifunika, tukafunua kukitoka jua kidogo, tukafunika tena. Ziliokoka chanja chache. Nyingine zikawa za kijivu, na Mama Kulwa akazipitia moja moja anazinusa.

"Hizi ni za kuku," akasema. Kiwandani Nyakato wanasaga chakula cha mifugo, wananunua dagaa walioharibika kwa bei ya kutupa.

Mama mmoja akasema tuwaweke tu, labda jua litarudi, tuwasugue, tupate hata bei ya katikati. Ilikuwa hesabu ya maana. Tatizo lake ni kwamba siku ya marejesho ingepita. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitawaomba walipe kwa ajili ya kibarua changu. Mkopaji anayekulipa kwa huruma, mara ya pili hana cha kukulipa. Lakini Mama Kulwa hakuwa mjinga.

"Binti, tusipolipa wanakufanya nini?"

"Narudi Mkuyuni, mama."

"Na ratiba?"

"Inarudi Jumatatu."

Akawageukia wenzake. Hakutumia ile sauti ya kuitia boti, alisema taratibu. "Mmesikia. Huyu akiondoka, ataletwa mwingine na bajaji. Mimi nauza za kuku. Faida nitaitafuta giza linalokuja." Wakabishana Kisukuma, Kijita, na Kiswahili cha matusi mepesi, mimi nimeshika turubai kama mlingoti. Nikaondoka bila kujua wameamuaje.

Siku ya marejesho nilifika kazini mapema, nikakaa naangalia simu. Walitakiwa kulipa kwa wakala na mimi nipate ujumbe. Asubuhi ikapita. Hakuna ujumbe. Bwana Kamugisha alipita mezani kwangu mara kadhaa akijifanya anatafuta stepla, miwani usoni.

Kisha nikasikia mlinzi mlangoni.

"Wamama, mnaenda wapi wote?"

"Benki. Kwani hapa ni wapi, zahanati?"

Waliingia kikundi kizima, wamevaa vitenge vya kanisani na mabaibui ya Idi, na harufu yao ikaingia pamoja nao. Mteja mwenye suti akasogea pembeni, na walichukua nafasi yake kwenye foleni bila kumwuliza. Walilipa mmoja mmoja, dirishani. Kila aliyemaliza alikuja kusimama ukutani na risiti yake, mpaka wa mwisho akamaliza. Ndipo Mama Kulwa akauliza mkubwa wa hapa ni nani. Bwana Kamugisha alikuwa tayari ametoka ofisini kwake.

"Karibuni mama zangu. Mimi ndiye."

"Sisi tumemaliza zamu yetu." Akamwonyesha risiti. "Imebaki yenu."

"Yetu ipi, mama?"

"Huyu hapa." Akaninyooshea kidole kama mtu anayechagua sato kwenye beseni. "Tumesikia mmemweka majaribio. Sisi tumemaliza kumjaribu. Nyie bado?"

Keshia mmoja akaisimamisha mashine ya kuhesabu. Mimi niliangalia sakafu, maana macho yangu yalikuwa hayafai kuangaliwa. Nikamsikia Bwana Kamugisha anakohoa, nikainua kichwa. Alikuwa amevua miwani.

"Nyangeta," akasema, kwa sauti ya kazi kabisa. "Kesho uje na picha mbili ndogo. Za kitambulisho."

Miaka iliyofuata mnaijua, mingi tumekaa wote. Ratiba ile mnayoiita ya giza, mnayowafundisha wageni kana kwamba ilikuja na jengo, ndiyo hiyo. Mimi sasa nakwenda kwetu Mara kujenga vyumba vinne vya wageni kando ya ziwa. Nimejifanyia tathmini ya mkopo mwenyewe, kwa kanuni zote nilizowafundisha. Sikopesheki. Najenga hivyo hivyo.

Jioni ile ya marejesho nilikwenda studio ya picha pale Mkuyuni, nguo yangu bado ina magamba begani ya kukumbatiwa na kina Mama Kulwa. Kijana akanikalisha kwenye stuli, akaninyoosha kidevu, akarudi kwenye kamera.

"Dada, usicheke. Picha ya benki hawataki meno."

Nikafunga mdomo. Akapiga, akaangalia, akafuta. Akapiga tena, akafuta.

"Dada!"

"Nimeacha, nimeacha. Piga."

Akapiga. Akaangalia kioo cha kamera, akatikisa kichwa, akazichapa vilevile, na meno yangu yote.